Miligramu Nne

Katika sale ya watoto pale hospitalini, wanafunzi wa uuguzi waliokuwa kwenye staji, mafunzo ya vitendo, walikuwa na msemo wao. Mmoja akisema, "Naenda kusali kidogo," wenzake walielewa kwamba anakwenda kwenye depo ya mashuka, mwisho wa korido, kusimama nyuma ya mlango na kufungua kitabu. Huko alitafuta dozi, akaikariri mara tatu, akakificha kitabu, kisha akarudi kwa mgonjwa akitembea kama mtu ambaye hajawahi kusahau kitu maishani mwake.

Desturi hiyo ilitokana na Papa Norbert, muuguzi mkuu wa sale. Siku ya kwanza aliwapanga ukutani, wote wanne, katika bluzi zao nyeupe, makoti marefu ya kazi yaliyokuwa bado yananukia sabuni.

"Kitabu njo kitu kizuri," aliwaambia. "Lakini kando ya kitanda sitaki kuona karatasi. Mama ya mugonjwa akiona unasoma, anasema huyu hajui. Kesho yake haumukute tena. Amebeba mutoto, amefika kwa muganga wa majani, na kule muganga hasomi kitu!"

Wenzake walicheka. Viviane hakucheka. Alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mwaka wa pili wa uuguzi, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba kila jibu alilotoa darasani aliambiwa alirudie. Kitabu chake cha mfukoni, chenye jalada la plastiki la buluu, alitumiwa na mjomba wake wa Lubumbashi. Ndani yake kila dawa ilikuwa na mistari yake: watoto kiasi gani, watu wazima kiasi gani, na hatari zake. Baba yake, Papa Éliézer, ambaye ni fundi cherehani, alipomshonea bluzi alikilaza kitabu hicho juu ya kitambaa, akakizungushia chaki, akashona mfuko wa kukitosha barabara. Viviane akikisikia pajani, aliweza kuzungumza na watu.

Jumanne asubuhi aliletwa Jovial. Alikuwa na miezi kumi na mmoja na kilo nane, mwili unawaka kwa malaria. Mama yake alikuwa jirani yao kabisa wa mtaa wa Kataki, lupango kwa lupango, ukuta wa matete ukiwa ndio mpaka. Alipomwona Viviane alimshika mkono kwa nguvu.

"Ah, Vivi! Mungu ni mukubwa. Niko na mutoto wangu mwenyewe humu ndani."

Papa Norbert alimtuma Viviane akampimie mtoto siropo ya homa. Viviane alikubali kwa kichwa, akaenda kusali. Alikuwa bado anatafuta ukurasa wakati mlango uliposukumwa. Jovial alikuwa ametapika, na mama yake alikuja mwenyewe kutafuta shuka.

"Vivi? Unafanya nini humu?"

"Hapana kitu, Mama."

"Iko nini kwa mugongo?"

Viviane alitoa mkono polepole, kama mtoto aliyeshikwa na sukari ya watu.

"Kitabu," alisema.

"Ya dawa ya mutoto wangu?"

"Kuhakikisha tu, Mama."

Mama Jovial alikitazama kitabu, akamtazama Viviane, kisha akatoka. Shuka aliyoijia hakuichukua.

*

Jioni Mama Dorothée, mama yake Viviane, alifika hospitalini na kapu. Jirani yako akilazwa na mtoto, humwachi ale mkate mkavu. Alikuwa amepika ugali wa bukari na dagaa za ndakala zenye mafuta, akafunika sahani kwa kitambaa safi, akavaa kikwembe chake cha kanisa. Alikuwa na sababu nyingine pia: alitaka kumwona binti yake katika bluzi. Miaka miwili sasa, akiuza ndakala sokoni, alikuwa akisema "mutoto wangu wa hospitali," na neno hilo alilitamka polepole, kama anayekunjua kitambaa cha bei mbele ya mteja.

Mama Jovial alipokea sahani kwa mikono miwili, akashukuru vizuri. Kisha akaiweka chini.

"Mama Dorothée, nikuulize kitu?"

"Uliza tu, mama."

"Kule shuleni kwao wanasoma miaka ngapi?"

"Tatu. Vivi iko mu ya pili."

"Basi miaka mbili na hakuna kitu kimeingia mu kichwa?" Aliinua sauti kidogo, na kwenye vitanda vingine wanawake waligeuka. "Asubui namukuta amejificha mu depo ya mashuka, anasoma kitabu kabla ya kupatia mutoto wangu dawa. Kama bibi arusi anayejifunza kupika sombe siku ya ndoa!"

"Kumbe!" alisema mwanamke mmoja wa karibu na dirisha. "Mie nilizani wanaingiaka mule kulia."

Sale nzima ilicheka, hata wale ambao watoto wao walikuwa na mirija puani. Viviane alikuwa kwenye kitanda cha tatu akipima joto. Alibaki ameinama juu ya kipima joto kile muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Labda," alisema Mama Dorothée, "labda ilikuwa Biblia."

"Biblia iko na picha ya seringi?"

Wakacheka tena. Mama Jovial hakucheka mara hii. Alimvuta Jovial kifuani na kusema kwa sauti ya chini, ile iliyomuumiza Mama Dorothée kuliko kicheko: "Na siku akikosea ukurasa, mama? Mutoto wangu anakufa ya ukurasa?"

Mama na binti walirudi nyumbani kwa miguu, toka hospitalini hadi Kataki. Watu waliwasalimu njiani na Mama Dorothée aliitikia akitazama mchanga.

Nyumbani Papa Éliézer alikuwa bado kwenye cherehani, akimalizia sketi za shule. Alipoelezwa, alitoa pini mdomoni.

"Mie niko na miaka makumi tatu mu kazi hii, na ninapima kila mara kabla ya kukata. Iko haya gani?"

"Weye unapima kitambaa," alisema mke wake. "Kitambaa haina mama anayekuangalia."

Papa Éliézer alirudisha pini mdomoni. Mama Dorothée alimfuata Viviane jikoni, akamsimamia binti alipokuwa akiosha vyombo.

"Vivi, kesho usifungue ile kitabu."

"Mama, wote tunafungua."

"Wote hawana Mama Jovial. Weye uko na kichwa. Tangu mudogo unashika zaburi muzima bila kuangalia, kanisa yote inashangaa."

"Dozi si zaburi, Mama."

"Sema unaogopa tu."

Viviane alisugua chungu ambacho kilikuwa kimekwisha kutakata.

Asubuhi na mapema, kabla binti yake hajaamka, Mama Dorothée alitia makaa kwenye pasi na kuinyoosha ile bluzi, kola kwanza, mikono, kisha mgongo. Alipofika kwenye mfuko alikitoa kitabu. Alikishika kitambo kidogo. Kilikuwa na herufi ndogo kama wadudu, na yeye hakusoma zaidi ya darasa la nne. Akakiweka ndani ya sanduku, chini ya vikwembe. Ili mfuko usining'inie mtupu, alikunja leso nyeupe ya pamba mara nane na kuipanga mahali pake. Hakufanya kwa ubaya. Aliona anampangusa mtoto wake doa kabla hajatoka mbele za watu.

Viviane alivaa haraka, maana alikuwa amechelewa. Aliugusa mfuko kwa juu, akauona umejaa, akapanda pikipiki ya abiria.

*

Saa nne asubuhi sale ilikuwa imejaa. Papa Norbert alikuwa kwenye kona ya mbali akitafuta mshipa kichwani mwa mtoto mwingine, na Kizito, mwanafunzi mwenzake Viviane, alikuwa amemshika mtoto huyo asicheze. Ndipo Mama Jovial alipopiga yowe.

Jovial alikuwa amekakamaa. Macho yalipanda juu, mikono na miguu ikapigapiga godoro, povu likatoka pembeni mwa mdomo.

"Papa Norbert! Mutoto anakufa! Papa!"

Papa Norbert hakuweza kuiacha sindano. Aligeuza shingo tu.

"Viviane! Diazepamu, kwa nyuma! Dozi unajua?"

Mkono wa Viviane ulikwisha kuingia mfukoni. Ulikutana na kitu laini. Alikivuta kidogo, akaona ncha nyeupe ya leso, na kwa pumzi moja akaelewa yote: pasi ya asubuhi, macho ya mama yake yaliyokwepa wakati wa kuagana. Alirudisha leso ndani. Wanawake wote walikuwa wanamtazama. Mama Jovial alikuwa anamtazama, si usoni, bali kwenye ule mkono uliokuwa mfukoni.

Ingetosha kusema, "Hapana, Papa." Maneno mawili. Papa Norbert angepaza sauti kutoka kwenye kona yake na kumtajia kiasi. Hata angemtukana, tusi la Papa Norbert lilikuwa halidumu zaidi ya dakika.

"Ndiyo, Papa," alisema Viviane.

Alikimbia kwenye kabati la dawa, akachukua ampuli, kichupa cha kioo cha diazepamu. Akilini aliuona ukurasa, hata doa la chai pembeni yake. Aliona neno diazepamu, aliona mistari, na katika mistari ile namba moja ilisimama wazi kuliko zote: kumi. Ampuli nayo ilikuwa imeandikwa kumi. Namba mbili zilipokubaliana, moyo wake ulitulia. Akavunja ampuli, akavuta yote katika seringi, akaondoa sindano, akarudi mbio, akamwingizia mtoto dawa yote kwa njia ya haja kubwa, akayabana makalio yake kwa vidole kama alivyofundishwa.

Dakika mbili, tatu. Mikono ya Jovial ikalegea. Miguu ikatulia. Macho yakafumba.

Mama Jovial alianguka shingoni mwa Viviane, akamkumbatia mbele ya sale nzima, machozi na kamasi vikimlowesha bluzi.

"Munaona?" aliwaambia wanawake. "Munaona mikono? Leo hakusoma! Hakuingia mu depo! Ah, Vivi, unisamee maneno ya jana. Nitamwambia mama yako, nitamwambia mie mwenyewe: mutoto yako njo docteur!"

"Docteur Vivi!" alisema yule wa dirishani, na mara hii kicheko kilikuwa cha furaha.

Viviane alitabasamu. Baadaye, katika mambo yote ya siku ile, tabasamu hilo ndilo alilolikumbuka kwa uchungu zaidi.

*

Kila ampuli ya diazepamu iliyotumika ilikuwa lazima iandikwe katika daftari la kabati: jina la mtoto, kilo zake, kiasi alichopewa. Viviane alifungua daftari, akashika kalamu, na jicho lake likaangukia mstari wa juu, ulioandikwa na muuguzi wa zamu ya Jumapili. Mtoto wa kilo kumi. Miligramu tano.

Aliusoma tena. Akapanda mstari mwingine: kilo kumi na mbili, miligramu sita. Mwingine: kilo saba, tatu na nusu. Sasa ukurasa wa kitabu ulimrudia wote, mstari kwa mstari, bila haraka, kama unaomcheka. Nusu miligramu kwa kila kilo, kwa njia ya nyuma. Hiyo ndiyo ya watoto. Kumi ilikuwa chini yake. Kumi ilikuwa ya watu wazima.

Kilo nane. Miligramu nne. Yeye alikuwa ametia kumi.

Alitazama kitandani. Jovial alikuwa amelala kifuani mwa mama yake, na Mama Jovial alikuwa anasimulia kwa mikono, anaonyesha jinsi seringi ilivyojazwa, haraka, haraka, bila kutetemeka.

Viviane aliandika jina. Aliandika kilo nane. Kalamu ilisimama. Kisha mkono wake, kama mkono wa mtu mwingine, ukaandika: miligramu nne.

Alijiambia atamwangalia mtoto kwa karibu, na dawa itakwisha yenyewe. Alienda kitandani akajifanya ananyoosha shuka, akahesabu jinsi kifua kilivyopanda na kushuka. Ishirini na mbili kwa dakika. Mtoto wa umri ule anapaswa kufika thelathini. Alizunguka vitanda viwili, akarudi. Kumi na nane.

"Analala vizuri, eh?" alisema Mama Jovial kwa sauti ya kunong'ona. "Tangu juzi hajalala vile."

"Ndiyo, Mama."

"Ukae kidogo. Umechoka weye."

Alisogea kumpa nafasi pembeni ya kitanda, na Viviane akakaa, kwa sababu hakujua namna ya kukataa wema ule. Akahesabu tena. Kumi na tano.

Ndipo mkono wa kushoto wa Jovial ulipoanza kurukaruka. Mara moja, mbili, kisha mfululizo, kidogo kidogo, na pembe ya mdomo ikafuata.

"Inarudia!" Mama Jovial alipiga kelele. "Papa Norbert, inarudia!"

Safari hii Papa Norbert alikuwa huru. Alipita kwenye kabati, akafungua daftari, akasoma mstari wa mwisho kwa kidole.

"Alipata ine, na robo saa imepita," alisema. "Vizuri. Tunamurudilia ileile."

Akachukua ampuli na kuigonga shingo kwa ukucha.

"Papa, usitie," alisema Viviane.

"Nini?"

"Usitie."

"Binti, sema nisikie! Nini?"

Siku zote watu walikuwa wamemwambia arudie. Alisimama. Mbele yake palikuwa na uso wa Mama Jovial, ambao bado ulikuwa na upendo wa robo saa iliyopita.

"Usitie, Papa! Sikutia ine! Nilitia kumi. Nilitia ampuli muzima, na mu daftari niliandika uongo!"

Hakuwahi kusema kwa sauti kubwa namna ile. Mpaka korido ilisikia.

Papa Norbert aliitupa ampuli. Aliweka sikio puani mwa mtoto, akamnyakua, akamlaza kwenye meza chini ya taa.

"Kizito! Balo! Na umuite Docteur Gauthier, mbio!"

*

Docteur Gauthier alikuja anakimbia, stetoskopu mkononi. Alikuwa kijana, hakupenda maneno mengi. Aliwaamuru wapime sukari ya damu kwanza. Ilikuwa chini sana, na ndiyo iliyomfanya mtoto arukeruke. Walimtia maji ya sukari mshipani, na mkono ukatulia. Lakini kifua sasa kilikuwa kinapanda mara moja, kinasahau, kinapanda tena.

"Tungetia ya pili, tungekuwa sasa tunamufunika uso," alisema.

"Iko dawa ya kuondoa ile ingine, Docteur?" aliuliza Papa Norbert.

"Hapa kwetu, hapana. Tutapumua mu nafasi yake mpaka iishe."

Basi wakapumua mahali pake. Papa Norbert alishika kinyago usoni mwa mtoto, Kizito akaminya balo, ule mfuko wa mpira wa kusukuma hewa, achilia, minya, achilia. Hakuna aliyemwita Viviane. Alisimama ukutani. Mama Jovial alikuwa amekaa sakafuni karibu na mguu wa meza, kikwembe kimemlegea, anarudia jambo moja, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka njia: "Nilimukumbatia. Mie mwenyewe nilimukumbatia."

Yule mwanamke wa dirishani alimvuta mtoto wake karibu Viviane alipopita kuchukua maji.

Ilichukua saa mbili na zaidi. Walipokezana balo. Mwishowe kifua kilianza kupanda chenyewe, mara nyingi zaidi, na daktari akaondoa kinyago, akarudisha, akaondoa tena na kukiacha. Alinawa mikono, akamgeukia Viviane kwa mara ya kwanza.

"Weye. Kila robo saa utahesabu pumzi yake na kuandika. Ikishuka chini ya makumi mbili, unaniita."

"Mie, Docteur?"

"Ni weye unajua kumi inafanya nini."

Papa Norbert alimwita kwenye biro yake na kufunga mlango. Alikuwa na karatasi ya ripoti mezani, lakini hakuanza kuandika.

"Kitabu chako kiko wapi?"

Leso ilikuwa bado mfukoni. Viviane aliisikia pajani.

"Nilisahau nyumbani, Papa."

"Na mie? Mie nilikuwa nyumbani pia? Nilikuuliza: unajua? Ungesema sijui, ningekuambia pale pale."

"Niliona haya, Papa."

"Haya ya nani?"

Alitaka kusema: ya wamama. Alitaka kusema: ya weye, uliyetuambia hutaki kuona karatasi. Alitazama viatu vyake.

Papa Norbert alivua miwani na kuifuta kwa upindo wa bluzi, muda mrefu, ingawa haikuwa chafu. Labda naye alikuwa amesikia lile ambalo halikusemwa. Aliporudi kuongea, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Kosa ya dozi, tungeifundisha. Ile ya daftari, siwezi kuificha. Staji inasimama hapa. Utaanza upya mwaka kesho, kama shule inakubali. Leo umalize kuhesabu. Kesho usije."

"Ndiyo, Papa."

"Na aksanti," alisema akiinamia karatasi, "juu ya ile kelele."

*

Saa tisa Jovial alifungua macho. Alilia kilio chembamba, kama cha paka, na kilio hicho kilifanya wanawake watatu waseme "Yesu!" kwa pamoja. Alitafuta ziwa, akalipata, akanyonya kidogo, akalala. Viviane alisimama hatua mbili kutoka kitandani, na karatasi yake na kalamu. Ishirini na nne. Ishirini na sita. Kila robo saa alisogea, akahesabu, akaandika, akarudi nyuma. Mama Jovial hakumtazama, wala hakumfukuza.

Jioni Mama Dorothée alikuja na kapu lake. Pale getini alikuwa ameambiwa na watu wawili, kila mmoja kwa namna yake, na mmoja alimwambia mtoto amekufa. Alivuka sale kwa hatua fupi, sahani mkononi, kitambaa safi juu yake. Hakukuwa na kicheko wala salamu. Alisimama mbele ya kitanda, akaona mtoto anapumua.

"Mama Jovial," alisema. "Pole."

Sahani ilibaki mikononi mwa Mama Dorothée, hewani, bila mtu wa kuipokea.

"Mie njo nilitoa kitabu," alisema.

"Mama, nyamaza," alisema Viviane.

"Sinyamaze. Mie njo nilitoa mu mufuko, asubui, yeye analala. Nikaweka leso. Hakujua kitu. Nilisikia haya ya yale maneno ya jana, mbele ya hawa bantu wote. Nilitaka asisome tena mbele yenu." Alipumua. "Kosa ni yangu."

Yule mwanamke wa dirishani aliangalia nje, ingawa nje hakukuwa na kitu.

"Maneno ya nani?" aliuliza Mama Jovial polepole. "Maneno yangu?"

"Njo yako, mama. Lakini mukono ni wangu."

"Na mulomo ni wangu," alisema Viviane. "Papa aliniuliza kama najua. Nikasema najua."

Mama Jovial alimpangusa mtoto wake jasho kwenye paji la uso, akamfunika, akamfunua tena kwa sababu ya joto. Hakusema amesamehe. Hakusema neno lolote ambalo Mama Dorothée angeweza kwenda nalo nyumbani.

"Weka pale chini," alisema hatimaye, akionyesha mahali pa sahani kwa kidevu.

Mama Dorothée aliiweka chini, akabaki ameinama, hajui kama aondoke.

"Weye," Mama Jovial akamwambia Viviane. "Robo saa haijafika?"

"Imefika, Mama."

"Basi hesabu."

Viviane alisogea. Alipiga magoti kando ya kitanda, akatazama saa ya ukutani, akatazama kile kifua kidogo.

"Hapana. Kwa sauti. Nisikie na mie."

Mama yake Viviane alikuwa nyuma yake, wanawake walikuwa pande zote, na Papa Norbert alikuwa amesimama mlangoni.

"Moja," alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Sijasikia."

"Moja!" alisema Viviane. "Mbili. Tatu. Ine."

Alihesabu. Kwenye kumi sauti ilimkatika, akaikohoa, akaendelea bila kupoteza pumzi hata moja. Kwenye ishirini midomo ya Mama Jovial ilianza kutikisika pamoja naye. Mshale ulipomaliza mzunguko alikuwa kwenye thelathini na moja.

"Makumi tatu na moja," alisema Mama Jovial. "Njo vizuri vile?"

"Njo vizuri, Mama."

"Andika. Halafu unionyeshe kile umeandika."

Viviane aliandika, akaigeuza karatasi, akamshikia karibu na mwanga ili asome.